UZI: Panthers walitupatia zamu zote zile, mbona kijana wetu kaangushwa mara 68?

#1. Mkaa Rogers Park (mtoa mada)

Wakuu, habari za saa hizi. Jambo hili ninalo kifuani tangu drafti ya Aprili hii ya 2025 iishe, na kazini hakuna wa kulizungumza naye kwa Kiswahili, kwa hiyo nalimwaga hapa. Ni refu, chukueni chai.

Mimi ni mtu wa Chicago Bears. Nilifika mji huu sijui lolote kuhusu mpira wa Kimarekani, jamaa niliyekuwa nabeba naye mizigo ghalani ndiye alinifundisha, akichora kwa kalamu juu ya maboksi. Kwa ambao bado hawajaingia: huku timu hazinunui vijana sokoni kama Simba na Yanga wanavyofanya. Kila Aprili, kwenye drafti, vijana wa vyuo vikuu wanagawanywa kwa zamu, raundi 7, na timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza. Zamu yenyewe ni mali. Unaweza kuiuza, kuibadilisha na mchezaji, hata kuahidi ya miaka miwili mbele. Na mtu anayewindwa kuliko wote ni kwotabeki, maana kila shambulizi linaanzia mikononi mwake. Mbele yake kuna wanaume 5 wakubwa, mimi nawaita ukuta, kazi yao ni kumkinga sekunde mbili tatu atafute wa kumrushia.

Sasa hadithi yetu. Msimu wa 2022 tulishinda mechi 3, tukapoteza 14. Bado hadi siku ya mwisho Houston Texans walikuwa chini yetu. Tarehe 8 Januari 2023 wanacheza na Colts, wako nyuma kwa pointi 7, imebaki chini ya dakika moja, jaribio la 4, yaani la mwisho, na wanahitaji yadi 20. Hapo timu nyingi hufa. Kwotabeki wao Davis Mills akarusha, Jordan Akins akadakia ndani kabisa, tachidauni, yaani bao la pointi 6. Wakaamua kutafuta pointi 2 za nyongeza badala ya 1, Akins huyohuyo akadaka tena. 32–31. Ushindi ule ukawanyima Texans zamu ya 1 na kuileta kwetu. Kocha wao alikuwa Lovie Smith, ambaye ndiye aliyetufikisha Super Bowl, fainali kuu ya ligi, yetu ya mwisho, msimu wa 2006. Alifukuzwa kazi usiku uleule. Mimi huyu mzee namwombea heri mpaka leo.

Machi 2023 meneja wetu mkuu, Ryan Poles, akaiuza zamu ile kwa Carolina Panthers waliokuwa na njaa ya kwotabeki. Tukapewa zamu ya 9 na ya 61, zamu ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na juu yake mdakaji aliyekwisha kuiva, DJ Moore.

Tazameni zilivyozaa. Ile ya 9 tulishuka nayo hatua moja, Eagles wakatuongezea kitu, tukachagua wa 10: Darnell Wright, jitu la pembeni mwa ukuta kutoka Tennessee. Ya 61 tukaichanganya na nyingine ya chini, tukapanda hadi 56, akaja beki Tyrique Stevenson. Panthers wakashinda mechi 2 tu mwaka ule, kwa hiyo zamu yao ya 2024 ikageuka kuwa ya 1 kabisa: kwotabeki Caleb Williams. Na mwezi uliopita ya mwisho, ya 39, imetuletea Luther Burden, mdakaji wa Missouri. Watu watano kwa zamu moja! Moore peke yake mwaka wake wa kwanza kwetu alidaka mara 96, yadi 1,364.

Halafu msimu wa 2024 tukashinda mechi 5, tukapoteza 10 mfululizo, na kijana Caleb akaangushwa na mpira mkononi mara 68.

Nilikuwa uwanjani kwetu Soldier Field Novemba 10, Patriots walipokuja. Tiketi yangu ilikuwa ya juu kabisa, na kule juu unaona jambo ambalo televisheni haikuonyeshi vizuri: unauona ufa kabla yeye hajauona. Mpira unatoka kwa senta, mtu wa katikati ya ukuta, watu wawili wa ukuta wanamkimbilia mtu mmoja, na katikati yao panabaki uwazi wa kupita mkokoteni. Unapiga kelele lakini haifiki kokote. Kiti cha jirani yangu alikaa mzee mwenye jezi ya Payton, gwiji wetu wa zamani, iliyopauka hadi kuwa kijivu. Alikuwa anahesabu kwa sauti kila kijana anapoangushwa. Baada ya mara ya 6 akanyamaza, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni. Zilifika 9. Pointi tulizopata siku nzima ni 3, tukafungwa 19–3, na siku mbili baadaye mpangaji wa mashambulizi akafukuzwa.

Msimamo wangu ni huu: tulihesabu zamu, hatukuhesabu ukuta. Kati ya watu watano wa dili lile ni mmoja tu wa ukutani. Kijana aliyechaguliwa wa 1 anahitaji nyumba, na sisi tulimletea fanicha nzuri ndani ya nyumba isiyoezekwa. Karibuni mnipinge.

#2. Moyo wa Fields

Mkuu, heshima yako, ila hadithi umeianzia katikati.

Kabla ya Caleb alikuwepo Justin Fields. Mwaka 2021 tulipanda kutoka zamu ya 20 hadi ya 11 kumfuata, tukawalipa Giants zamu yetu ya raundi ya kwanza ya 2022 na nyingine mbili. Baada ya msimu mmoja kocha aliyempokea akafukuzwa, meneja pia. Waliokuja hawakumchagua wao. Mwaka 2022 akakimbia kwa miguu yake yadi 1,143, kwotabeki gani wa Bears aliwahi? Mwaka huohuo aliangushwa mara 55. Mlimlaza kwenye kibanda cha makuti yaliyotoboka halafu mkamlaumu kwa kulowa.

Machi 2024 tukamtoa kwa Steelers kwa zamu ya raundi ya sita, ambayo ingepanda hadi ya nne kama angecheza vya kutosha. Raundi ya sita! Huko Pittsburgh akaanza mechi 6, wakashinda 4.

Mimi ningemweka Fields, nikaiuza tena zamu ya 1 ya 2024, nikajenga ukuta wote kwa mpigo. Hilo ndilo dili ambalo halikufanyika na hakuna anayelizungumzia.

#3. Mkaa Rogers Park

Mkuu, Fields nilimpenda na jezi yake bado ninayo kabatini. Lakini mechi 38 alizoanza kwetu tulishinda 10. Na kulikuwa na jambo la mkataba: kijana wa drafti analipwa kidogo kwa miaka minne, raundi ya kwanza timu inaweza kuongeza wa tano. Fields alikuwa anaingia mwaka wa nne. Ukimbakiza yeye, unakaribia kulipa bei ya mtu mzima bila kujua unamlipa nani. Caleb saa inaanza upya. Mkataba wake ni kama dola milioni 39 kwa miaka minne, wakati makwotabeki wazoefu wanachukua zaidi ya milioni 50 kwa mwaka mmoja. Tofauti ile ndiyo hela ya ukuta.

Nilichokasirikia mimi ni kwamba hela ile ya mwaka wa kwanza haikwenda ukutani.

#4. Dada wa Charlotte

Nimesoma kimya hadi hapa. Mimi niko upande wa waliouza, naomba nisikilizwe.

Kila mtu akisimulia dili lile anacheka Panthers. Kaka mtoa mada hujacheka, nakushukuru. Lakini umetaja mdakaji Moore kama nyongeza, kwetu yeye ndiye alikuwa moyo wa shambulizi. Oktoba 2022 tulikuwa tumeshamtoa Christian McCaffrey kwa 49ers. Miezi mitano baadaye tukamtoa Moore. Halafu ndipo tukamleta kwotabeki Bryce Young, kijana mwembamba asiyefika futi 6, tukamwambia haya, tuokoe. Alikuwa arushe kwa nani?

Aliangushwa mara 62 mwaka ule wa 2023. Kocha Frank Reich alifukuzwa baada ya mechi 11, timu imeshinda 1. Na kila tukifungwa, mtu wa Chicago anashangilia, kwa sababu kushindwa kwetu kulikuwa kunawapandishia ninyi zamu. Mume wangu ana shemeji yake Illinois, kila Jumapili jioni alikuwa anatuma ujumbe wa "asanteni". Nilizima simu.

Mwaka wa pili, 2024, Bryce akawekwa benchi baada ya mechi 2 tu. Watu wakasema basi, amekwisha. Andy Dalton akacheza, akapata ajali ya gari na kuumia kidole gumba, Bryce akarudishwa kwa lazima. Na aliporudi alikuwa mtu mwingine. Tuliwashinda Giants kule Munich, tukawabana Chiefs hadi sekunde ya mwisho, 30–27. Mechi ya mwisho ya msimu pale Atlanta akarusha tachidauni 3 na kukimbia 2, tukashinda 44–38 muda wa nyongeza. Nililia sebuleni, watoto wakadhani kuna msiba.

Sasa jiulizeni nini kilibadilika. Machi 2024 timu iliwaleta magadi wawili, wale wanaosimama kulia na kushoto kwa senta: Robert Hunt kwa mkataba wa dola milioni 100 kwa miaka mitano, na Damien Lewis kwa milioni 53 kwa minne. Watu wengi hapa walisema huo ni wazimu, magadi hawauzi jezi. Lakini kijana mfupi anahitaji katikati pasimame imara ili aone mbele, na hao ndio waliompa macho. Kaka, kwa hiyo mimi nakuunga mkono kuliko unavyojua.

#5. Fundi Hesabu

Mada nzuri. Naunga mkono nusu.

Kuangushwa ni kosa la watu wengi, wakuu. Ukuta una lake, mdakaji asiyefunguka ana lake, mpangaji ana lake, na kwotabeki anayeng'ang'ania mpira ana lake. Caleb alipokuwa chuo cha USC alizoea kuzunguka nyuma kule, anarudi yadi 10, anageuka, anapata mtu. Ndivyo alivyochukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, 2022. Kwenye ligi hii wale wanaomkimbiza wana kilo 120 na mbio za paka. Fields naye alikuwa na ugonjwa huohuo. Makwotabeki wawili tofauti, ukuta tofauti, timu ileile, na wote wanaangushwa. Kuna kitu cha kufundishwa pale: mpira utoke mapema.

Ila kuna upande mzuri ambao hamjautaja. Mwaka ule mbovu alirusha yadi 3,541, tachidauni 20, na pasi zilizodakwa na wapinzani zilikuwa 6 tu. Mtoto aliyeangushwa mara 68 na bado hakutupa mpira hovyo ana kichwa kimetulia.

Mnaotaka kuona bei ya kupuuza ukuta someni habari za David Carr. Houston walimchagua wa 1 mwaka 2002, timu ikiwa mpya kabisa. Aliangushwa mara 76 msimu ule. Mwaka 2005 tena mara 68, sawasawa na Caleb. Miaka mitano Houston, kisha wakamwachia. Hakuna anayeweza kusema leo Carr angekuwa nani.

Na kuhusu madili, msimtukuze sana Poles kwa lile moja. Novemba 2022 alitoa zamu ya raundi ya pili kwa Steelers kumpata mdakaji Chase Claypool. Zamu ile ikaja kuwa ya 32, Steelers wakamchukua beki Joey Porter Jr. Claypool hakumaliza hata mwaka kwetu, Oktoba 2023 akapelekwa Miami kwa mabadilishano ya zamu za chini kabisa. Na kabla ya Poles, 2017, tulilipa zamu nyingine tatu kupanda hatua MOJA, kutoka 3 hadi 2, kumchukua kwotabeki Mitchell Trubisky. Patrick Mahomes alikuwepo palepale, akaenda wa 10 kwa Chiefs.

Klabu hii ni ya tangu 1920 na haijawahi kuwa na kwotabeki aliyefikisha yadi 4,000 kwa msimu. Hadi msimu wa 2024 unaisha, rekodi ilikuwa ya Erik Kramer, 3,838, mwaka 1995. Nina kijana wangu amezaliwa, amesoma, ameoa, rekodi ilikuwa bado palepale.

#6. Mgeni Jukwaani

Samahanini wakubwa, mimi niko Mombasa, nafuatilia mpira huu kwa vipande vya video tu. Kwa nini Bears hawakumchukua kwotabeki C.J. Stroud mwaka 2023 wakati zamu ya 1 ilikuwa mikononi mwao? Nimeona amewika sana.

#7. Mkaa Rogers Park

Karibu sana ndugu yangu wa Mombasa, hilo ni swali zuri na linaniuma.

Wakati ule Fields alikuwa amemaliza mwaka wake wa kukimbia, na timu haikuwa na kitu kingine. Poles akaona kijana mmoja hawezi kuziba mashimo 20. Panthers wakamchagua Bryce wa 1, Texans wakamchukua Stroud wa 2, halafu palepale wakapanda hadi zamu ya 3 wakamchukua na Will Anderson, mlinzi anayewinda makwotabeki. Stroud mwaka wa kwanza: yadi 4,108, tachidauni 23, zilizonaswa 5. Texans walioshinda mechi 3 mwaka uliotangulia wakashinda 10 na kuongoza kundi lao. Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba hatukujua, na waliokuwa juu yetu kwa ujuzi pia hawakujua, maana hata Panthers waliolipa bei yote ile walimpita Stroud.

Lakini angalia mwaka wake wa pili. 2024 ukuta wa Texans ulilegea, Stroud akaangushwa mara 52, na yule kijana aliyekuwa anarusha kama anaweka kikombe mezani akaanza kukimbia kabla hajafukuzwa. Mtu yuleyule, mkono uleule.

#8. Mzee wa Subira

Vijana wangu, mmeongea vizuri na mmeruka jambo moja. Nani aliwaambia mtoto wa miaka 22 lazima acheze wiki ya kwanza?

Mahomes alikaa karibu mwaka mzima wa 2017 akimtazama Alex Smith. Jordan Love wa Green Bay, na naomba radhi kwa kutaja jina la jirani mbaya, alichaguliwa 2020 akakaa miaka mitatu nyuma ya Aaron Rodgers. Alipopewa timu 2023 aliifikisha mtoano na kuwapiga Dallas kwao. Love hakuwa na kipaji kuliko hawa wote. Alipewa muda wa kutazama mtu mzima akifanya kazi.

Sisi tunamtoa mtoto garini, tunampa funguo za nyumba siku hiyohiyo.

#9. Dada wa Charlotte

Shikamoo mzee wangu. Nakubali, na benchi lilimsaidia Bryce, sikatai. Lakini Jayden Daniels je? Alichaguliwa wa 2 mwaka 2024, nyuma ya Caleb tu. Akaanza mechi ya kwanza, Washington wakashinda 12, wakafika fainali ya kanda, na tuzo ya chipukizi bora ni yake. Yeye alikuta kocha mpya na uongozi mpya walioingia kwa pamoja na kupanga kila kitu kumzunguka yeye. Caleb alikuta kocha wa ulinzi ambaye kiti chake kilikuwa kinayumba tayari. Nadhani swali la acheze au akae linakuja baada ya hilo.

#10. Mzee wa Subira

Marahaba binti yangu. Umenijibu. Daniels nilimsahau, na kwa kweli namna ile ya Washington sina neno la kuipinga.

#11. Moyo wa Fields

Daniels mnamtaja hapa kwenye uzi wa Bears bila kuomba ruhusa? Oktoba 27 imeshapona?

#12. Mkaa Rogers Park

Haijapona mkuu. Kwa faida ya ndugu yetu wa Mombasa nitaeleza, maana inahusu dili lenyewe.

Tulikuwa ugenini Washington. Siku nzima tulicheza vibaya, hata mpira ukiwa yadi 1 kutoka mstarini tukampa mtu wa ukutani aingie nao, ukamponyoka. Bado Caleb akatuinua mwishoni, sekunde 25 zimebaki tukaongoza 15–12. Kule kwangu watu waliinuka, mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Jaribio la mwisho Daniels akarudi nyuma, akazunguka, akaurusha mpira juu kabisa kuelekea kundi la watu. Beki wetu mmoja alikuwa amegeukia mashabiki wa Washington anawatambia wakati mchezo umeshaanza. Alipogeuka akakimbilia kundini, akaruka, mpira ukamgusa yeye mkononi na kudunda nyuma yake. Nyuma yake alikuwepo Noah Brown peke yake kama mtu anayesubiri basi. 18–15.

Beki yule ni Tyrique Stevenson. Zamu ya 61 iliyopanda 56. Mmoja wa wale watano wangu wa juu kule.

Aliomba radhi hadharani na mimi nilimsamehe, kwa sababu kijana wa miaka 24 anaweza kukosea mbele ya dunia nzima. Ila mechi ile ndiyo iliyofungua zile 10 za kushindwa mfululizo. Na kilele kilikuwa Detroit siku ya sikukuu ya Thanksgiving, mwishoni mwa Novemba. Tuko nyuma 23–20, tunahitaji yadi chache tu kupiga teke la kusawazisha, Caleb anaangushwa, sekunde zaidi ya 30 zimebaki na tuna ruhusa ya kusimamisha saa mkononi. Kocha haisimamishi. Sekunde zinayeyuka, watu wanapanga mistari polepole, mpira unaanza zikiwa zimebaki 6, anarusha mbali, haudakwi, mechi imekwisha. Kesho yake Matt Eberflus akafukuzwa, kocha mkuu wa kwanza wa Bears kufukuzwa katikati ya msimu tangu klabu ianzishwe.

Kwa hiyo mwezi mmoja wa Novemba kijana alibadilishiwa mpangaji tarehe 12 na kocha mkuu tarehe 29. Fundi Hesabu anasema mpira utoke mapema, na ni kweli, lakini nani alimfundisha lini autoe?

#13. Fundi Hesabu

Hapo sina la kuongeza. Nakupa nusu iliyobaki.

Ila tuwe waadilifu na mwaka huu. Januari wamemleta Ben Johnson, aliyekuwa anapanga mashambulizi ya Detroit na kumfufua kwotabeki Jared Goff ambaye Rams walimtoa kama mzigo. Na kabla hata ya drafti wamefanya kile ambacho Dada wa Charlotte amekieleza: katikati yote mpya. Joe Thuney kutoka Chiefs kwa zamu ya raundi ya nne ya 2026, mtu mwenye pete 4 za ubingwa wa Super Bowl. Jonah Jackson kutoka Rams kwa zamu ya raundi ya sita. Senta Drew Dalman kutoka Falcons, dola milioni 42 kwa miaka mitatu. Kisha raundi ya pili wakamwongeza Ozzy Trapilo wa Boston College, naye wa ukutani.

Linganisha bei. Claypool raundi ya pili. Thuney raundi ya nne.

#14. Moyo wa Fields

Sawa, lakini zamu ya 10 wamempa Colston Loveland, mdakaji mwingine, na ya 39 Burden, mdakaji tena. Moore yupo, Rome Odunze wa 2024 yupo, Cole Kmet yupo. Mtoa mada, hiyo si fanicha tena?

#15. Mkaa Rogers Park

Ni fanicha, mkuu. Na nilikasirika usiku ule hadi saa saba. Loveland nimemkubali baadaye, maana mdakaji wa aina yake anasimama jirani na ukuta na anaweza kumsaidia wa pembeni kabla hajakimbia. Burden bado sijamkubali. Upande wa kushoto kabisa wa ukuta, ule wa nyuma ya mgongo wa kijana, ndio unaonikosesha usingizi.

#16. Mgeni Jukwaani

Nimewaelewa wote na sasa nimekuwa shabiki, ila sijui ni wa nani. Mechi ya kwanza ni lini?

#17. Dada wa Charlotte

Njoo Carolina mdogo wangu. Mwezi uliopita tumemchukua mdakaji Tetairoa McMillan kwa zamu ya 8. Ametufikia akiwa amechelewa miaka miwili lakini amefika. Bryce ana magadi, ana mdakaji, ana kocha yuleyule kwa mwaka wa pili. Sijawahi kusema hivi tangu 2023.

#18. Mkaa Rogers Park

Ratiba imeshatoka. Bears wanaanza Jumatatu usiku, tarehe 8 Septemba 2025, Soldier Field, dhidi ya Vikings. Kwa Mombasa itakuwa alfajiri ya Jumanne, weka kengele.

Na Vikings wanakuja na kwotabeki J.J. McCarthy, aliyechaguliwa wa 10 drafti ileile ya Caleb. Aliumia goti kabla msimu haujaanza, hakucheza hata mechi moja ya ligi mwaka ule. Wenyeji wa hapa wanamjua, amekulia vitongoji vya Chicago. Vikings walishinda mechi 14 wakiwa na Sam Darnold, wakamwacha aende Seattle, wakampa kijana timu. Mzee wa Subira, huyu amekaa mwaka mzima akitazama, kwa hiyo utakuwa na lako la kuonyesha.

Tiketi nimeshanunua, kulekule juu. Nitachukua daftari, nitaandika kila anapoangushwa: ni nani alipitwa, sekunde ngapi, mpira alikuwa ameushika muda gani. Fundi Hesabu, nitakuletea karatasi hapa hapa Jumanne asubuhi, tuipitie pamoja.